Riwaya ya Upelelezi na Sifa ya Mdomo: Kutoka kwa Bwana Msa hadi Willy Gamba

Historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili huanzia kwenye Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau. Ilifuatwa na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965, kisha Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974. Wahakiki wengi waliziita kazi za aina hii “pendwa”, wakazitenga na riwaya “dhati”.

Riwaya hizi, hata hivyo, huenea pia kwa sifa ya mdomo, nayo ina sharti lake: anayempendekezea mwenziwe kitabu hana budi kumficha mhalifu. Husifu, basi, kisichoharibika kwa kusimuliwa: mandhari, mpelelezi na jambo linalopiganiwa.

Hapo ndipo mgawanyo wa wahakiki unapoyumba. Bwana Msa hufumbua mafumbo ya Unguja kwa hoja. Willy Gamba ni jasusi wa dola anayetetea ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Nalasi imo mkoani Ruvuma, unaopakana na Msumbiji, ambako FRELIMO ilipigana na Wareno tangu 1964 hadi 1974. Mahali kama hapo, kumpendekezea mtu Kufa na Kupona ni kumkumbusha pia vita vilivyopiganwa ng’ambo ya mto. Uhakiki unaoishia kwenye neno “pendwa” huiacha historia hiyo nje ya fasihi.