Mnada wa nyumba ya rehani

Mnada wa nyumba ya rehani ni njia ya mkopeshaji kurudisha fedha zake kwa kuuza nyumba iliyowekwa dhamana. Tanzania Bara jambo hili huongozwa na Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, ambayo sehemu yake ya rehani ilirekebishwa 2004 na tena 2008. Chini ya sheria hiyo benki hailazimiki kwenda mahakamani kwanza. Marejesho yakikwama, inaweza kuuza yenyewe kupitia dalali. Anayelazimika kukimbilia mahakamani ni mkopaji, na akichelewa huwa amepoteza sehemu kubwa ya silaha zake.

Lakini rehani hutegemea karatasi za nyumba. Kwa mfano Tegeta, pembezoni mwa Kinondoni jijini Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Bagamoyo, nyumba yenye hati miliki inaweza kupakana na nyingine ambayo mwenyewe ana leseni ya makazi tu, au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Rehani rasmi husimama juu ya hati na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Karatasi ya mtaa haina nguvu hiyo, hata kama mkopeshaji ameifungia kabatini.

Hatua ya kwanza ni notisi. Kifungu cha 127 kinamtaka mkopeshaji ampe mkopaji notisi ya maandishi inayotaja kosa lenyewe na kumjulisha kuwa siku 60 zikipita tangu aipokee, deni lote litadaiwa na nyumba inaweza kuuzwa. Barua ya kukumbusha deni haitoshi. Hicho ndicho kipindi cha kuomba marejesho yapangwe upya, au benki iridhie mwenye nyumba atafute mnunuzi mwenyewe. Njia hiyo ya pili mara nyingi huleta bei nzuri kuliko mnada, ila wengi huiona aibu, wakanyamaza hadi dalali anapobandika tangazo getini.

Dalali naye ana masharti yake. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inadai tangazo la siku 14 kabla ya mnada, kwa Kiswahili na Kiingereza, na lugha yake ya kizamani bado inataja kupiga ngoma ili hata asiyejua kusoma apate habari. Siku hizi gari lenye vipaza sauti linaifanya kazi hiyo.

Hoja ya kupinga mnada yenye uzito mkubwa mara nyingi iko ndani ya nyumba yenyewe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinabatilisha rehani ya nyumba ya ndoa isiyo na ridhaa ya mume au mke wa mkopaji, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mwenza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati mapema. Lakini mkopaji aliyeiapia benki kwamba hana mke, kumbe anaye, ametenda kosa la jinai.

Mwenye shauri anaweza kuomba zuio la muda la mnada, katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali. Kipimo ni kile cha Jaji Mkuu Georges katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, 1969: kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa, kuwe na hasara isiyofidika, na mwombaji awe ndiye atakayeumia zaidi zuio likikataliwa. Wengi huanguka kwenye sharti la pili, kwa kuwa benki hujibu kwamba hasara ya fedha hulipika kwa fedha.

Bei nayo hupingwa. Nyumba ikiuzwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinachukulia kuwa mkopeshaji amekiuka wajibu wake, hadi athibitishe vinginevyo.

Nyundo ikishashuka, mambo hugeuka. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Benki ya Taifa ya Biashara na Dar es Salaam Education and Office Stationery, ilisema mahakama haiingilii mauzo hayo isipokuwa kuna rushwa au njama na mnunuzi. Mnunuzi wa nia njema hulindwa, na aliyeonewa hubaki kudai fidia kwa aliyeuza. Fedha za mnada hulipa kwanza kodi na gharama, kisha deni. Chenji ni ya mkopaji, na fedha hizo zisipotosha, anaendelea kudaiwa kilichobaki.