Kutoka Hendeli Hadi Kitufe: Mwanamke na Kuwasha Gari

Magari mengi yanayoshushwa hapa Unguja kutoka Japani siku hizi hayana tundu la ufunguo. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inawaka, na rimoti imelala zake kwenye pochi. Raha tupu, mpaka siku ligome. Hapo ndipo utawasikia mama zetu: "Bora gari letu la zamani!" Tusiwacheke. Tangu mwanzo, namna ya kuwasha gari ndiyo iliyoamua nani anaweza kuondoka bila kumngoja mtu.

Enzi za hendeli

Magari ya petroli ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli, chuma kilichopinda. Dereva alisimama mbele ya gari, akakichomeka na kukizungusha kwa nguvu mpaka injini ishike. Injini ikirudi nyuma ghafla, chuma kilimpiga mkono. Wengi walivunjika karibu na kiganja, hata madaktari wakauita mvunjiko huo kwa jina la madereva.

Ndiyo maana wanawake wengi wa Marekani wenye uwezo walipenda magari ya umeme, yasiyo na hendeli. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric, gari la kampuni nyingine, huku mumewe akiuza Model T za petroli kwa maelfu!

Stata, kisha ufunguo

Mwaka 1911 Charles Kettering na wenzake wa Dayton, Ohio, walitengeneza stata ya umeme, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo. Model T zikaanza kuipata mwaka 1919. Nguvu za mkono hazikuwa sharti tena, na mwanamke akaweza kuwasha gari akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Stata za zamani nyingi ziliwashwa kwa kitufe au kwa kukanyaga kwa mguu, kwa hiyo kitufe si kigeni. Ni mwaka 1949 ndipo Chrysler ilipoleta mtindo wa kuwasha injini kwa kuzungusha ufunguo, na wengine wakafuata.

Ufunguo ule ulikuwa na faida tusiyoiona mpaka ulipoondoka. Ukiwa mkononi mwako, unajua injini imezimwa. Na gari la gia za mkono betri ikifa, watoto wa mtaa wanasukuma, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, safari inaendelea.

Kitufe kimerudi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz ilileta kwenye S-Class mfumo wa kuwasha bila kuchomeka ufunguo, na leo umefika hadi kwenye magari madogo. Kazi iliyotoka mkononi imehamia kwenye kumbukumbu.

Fikiria bwana anashuka bandarini Malindi na rimoti imo kwenye mfuko wa kanzu. Gari linalia kidogo, lakini linaendelea kwenda. Unalizima Mwanakwerekwe ununue mboga, haliwaki tena, na yeye yuko baharini anakwenda Dar. Na kulisukuma gari la otomatiki hakusaidii kitu.

Liko kubwa zaidi. Injini nyingine hazisikiki, mtu akashuka akidhani amezima. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2018 kuwa zaidi ya watu 20 Marekani walikuwa wamefariki tangu 2006 kwa moshi wa kaboni monoksidi, baada ya gari la aina hii kuachwa likiunguruma kwenye gereji ya nyumba. Sheria ya huko ya mwaka 2021 ikaagiza itungwe kanuni ya injini kujizima yenyewe.

Kwa bi harusi mwenye gari jipya

- Dai rimoti ya pili. Moja yake, moja yako.
- Mwombe fundi akuonyeshe ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti.
- Betri ya rimoti ikifa, katika magari mengi unakanyaga breki na kuigusisha rimoti kwenye kitufe, kisha unabonyeza.
- Weka gia kwenye P, zima, na tazama taa za dashibodi kabla hujafungua mlango.

Bibi wa Marekani alihitaji mkono wenye nguvu ili aondoke. Sisi tunahitaji kulijua gari letu wenyewe, tusiache ujuzi wote kwa bwana na fundi.