Mafuta, Babula na Baridi ya Mwezi wa Sita: Historia ya Ngozi Yetu Hapa Katuba

Mtu anayetoka Kinshasa ao Kisangani na kufika Lubumbashi mwezi wa sita, siku ya kwanza tu anatafuta koti ya kuazima. Alizani Kongo yote ni joto. Sisi wa Katuba tunajua vingine. Mji wetu uko juu, zaidi ya metre 1200, na wakati wa kipwa, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvula karibu haionekane. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, baridi inashuka chini ya digri 10, upepo unatoka upande wa kusini-mashariki, na vumbi nyekundu ya barabara zetu inaingia mpaka ndani ya sahani ya bukari. Midomo inapasuka, visigino vinafunguka sawa udongo wa mto uliokauka, na miguu ya watoto inageuka rangi ya majifu.

Nani kati yetu hakusimamishwa mlangoni asubuhi, kabla ya kwenda masomo, ili mama aangalie miguu? "Weye mutoto, unapauka vile sawa ulilala mu majifu! Rudia ndani, upake mafuta!" Hapo haikuwa juu ya uzuri. Katika avenue, mtoto mwenye kupauka alisomwa kama barua: kwao hakuna mtu wa kumuangalia, ao mshahara haukutoka. Iniforme yetu ya bluu na nyeupe inaacha miguu ya wasichana wazi, na tulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekosa masomo karibu juma mbili kwa sababu wenzake walimcheka miguu. Sisi tulizani ni malaria. Ni njo kisa kilichotusukuma kuuliza wazee: kabla ya madukani, ngozi ilitunzwa na nini?

Wazee wa Kiluba na wa Kibemba wanajibu karibu sawa: mono. Ni mafuta ya mbegu za mbarika, zinazokaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa ndani ya maji mpaka mafuta yanapanda juu na kuenguliwa kidogo kidogo. Ni mafuta mazito, yanakamata vumbi, lakini yanakaa kwenye ngozi tangu asubuhi mpaka magaribi. Pamoja nayo kulikuwa nkula, unga mwekundu wa mti wa mukula, uliochanganywa na mafuta na kupakwa mwilini, hasa siku kubwa za kimila. (Ule mukula, wasomaji wanaukumbuka: ni ule uliokatwa kwa wingi hapa Haut-Katanga katika miaka ya 2010 na kupelekwa Uchina. Vijana wengi walijua bei ya gogo lake bila kujua kwamba nyanya zao waliupaka.)

Halafu mji ulizaliwa. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, na mwaka 1911 tanuru ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba. Katika ule mwaka 1911 vilevile, mbali na hapa, serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na Mwingereza Lever juu ya mashamba makubwa ya ngazi, na kampuni yake ikaitwa Huileries du Congo Belge. Tuone vizuri mzunguko wake: mafuta ya ngazi, ambayo katika vijiji vingi watu walikula na kujipaka, yalianza kusafiri mpaka Ulaya kwa kutengeneza sabuni. Na sabuni, ile kali ya kufulia hasa, inaondoa mafuta ya ngozi. Mtu anaoga anakuwa safi, kisha anapauka, na sasa inamlazimu anunue kitu cha kupaka.

Kwa kambi za Union Minière, posho ya wafanyakazi ilikuwa na unga, samaki, karanga na mafuta ya ngazi. Mafuta mekundu yalikuwa ya chungu. Ukiyapaka, shati yote inakuwa rangi ya machungwa. Ya mwili yalikuwa yale ya kokwa, meusi-meusi, yenye harufu ya moshi, ambayo watu wa upande wa Tanganyika wanaita mafuta ya mise. Hapa kwetu udongo na baridi havipendi sana mti wa ngazi, kwa hiyo ilikuwa lazima reli itusaidie: mwaka 1928 njia ya BCK ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, na kufungua Kasai, mwaka 1956 kipande cha Kamina mpaka Kabalo kilimalizika, na Katanga ya kaskazini ikaunganishwa nasi. Katuba, iliyojengwa na kujaa watu ile miaka, ilipokea wageni pamoja na chupa zao. Kila familia ilikuwa na ndugu "wa gari la moshi".

Vazeline ni mambo ingine. Mwamerika Chesebrough alipata haki ya kuitengeneza mwaka 1872, na inatoka katika petroli, si katika mbegu. Wengi wetu tunaamini kwamba "inalisha" ngozi. Hapana. Vazeline haiongeze maji yoyote. Inafunika tu ili maji yaliyo ndani yasitoke. Ndiyo maana wamama waliotukamata tukingali na maji ya kuoga mwilini, na kutupaka huku tunatetemeka, walikuwa na haki kabisa, hata kama sisi tulilia. Kujipaka baada ya kukauka, na upepo wa mwezi wa saba, ni kufunga mlango wakati kuku wamekwisha kutoka.

Baada ya zairianisasion ya mwaka 1973 vitu vilianza kukosa madukani, na uporaji wa mwaka 1991, sisi tukiwa watoto, ulimaliza vilivyobaki. Gécamines ilikuwa inaanguka. Kwetu nyumbani mafuta ya kokwa yalirudi, na tunakumbuka haya tuliyoona kwa ile harufu darasani, mpaka tulipogundua kwamba darasa zima lilinuka vile. Leo gliserini na vazeline zinapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na sokoni wanazipima hata katika vichupa vidogo vya dawa.

Lakini kando ya vile vichupa kuko vingine. Tangu miaka ya 1970, jina Ambi lilijulikana Zaire yote, mpaka wanawake waliojichubua waliitwa kwa jina lile. Ndani ya krema nyingi za namna ile kulikuwa hidrokinoni, na ndani ya sabuni nyingine zebaki. Umoja wa Ulaya ulikataza hidrokinoni katika krema za kuchubua mwaka 2001. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga kwamba kufika mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki kupita kipimo kidogo sana visitengenezwe wala kupitishwa mipaka ya inchi tena. Bado vinauzwa. Yule mwanafunzi wetu alirudi masomo mwaka uliofuata, miguu ikingaa, uso ukiwa mwekundu, vifundo vya vidole vikibaki vyeusi. Alikuwa ametafuta dawa ya kupauka, na muuzaji akampa ya kuchubua. Ngozi iliyochubuliwa ni nyembamba. Jua na baridi vinaila haraka. Tulimwita na mama yake, tukazungumza. Mama alituuliza swali moja tu: "Mwalimu, ile ingine ni bei gani?" Tulikuwa hatujui. Tulikwenda sokoni kuangalia: ile ya kuchubua ndiyo iliyokuwa ya bei kubwa.

Baridi haikamate ngozi peke yake. Mwezi wa sita roho pia inalegea. Mzee anakaa kimya, mama anakosa hamu ya kutoka. Dawa ya Katuba ni ukuta unaotazama mashariki: saa mbili asubuhi majirani wote wako pale wanaota jua, mgongo kwenye matofali, na habari zinapita pamoja na viazi vitamu vya moto. Magaribi ni babula. Kuzunguka babula tulisikia hadisi zote tunazozijua. Lakini babula inapoingizwa chumbani na mlango kufungwa, chini ya malata, makala yanatoa gazi isiyo na harufu wala moshi, na kuko familia ambazo hazikuamka. Wazee walikuwa wanaitoa nje kabla ya kulala, hata mtoto akilia baridi, na walimweka kati ya wakubwa wawili.

Mafuta ya kokwa yana tabia moja inayochekesha watoto: baridi ikiwa kali yanaganda sawa mshumaa. Kwa hiyo kazi ya mtoto mdogo wa nyumba ilikuwa kutoa chupa asubuhi na kuisimamisha kwenye jua, karibu na wazee wa ukutani. Akisahau, wote wanakwenda masomo na miguu ya majifu, na usiku atalala mbali na babula.