Babu Alipika, Hakukaa Mezani

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita mimi na mama watoto tulitimiza miaka 22 ya ndoa. Binti yetu mkubwa, ambaye ameanza kazi mwaka huu, akatangaza kwamba safari hii hakuna cha pilau la nyumbani. Amekwisha kulipia meza katika mgahawa mmoja wa Kifaransa kule Masaki, na sisi kazi yetu ni kuvaa vizuri na kufika saa moja na nusu usiku.

Tukatoka Temeke mapema kwa kuogopa foleni. Masaki, kama ujuavyo, iko katika wilaya ya Kinondoni, wilaya ile ile yenye Tandale, lakini ukiteremka pale unaweza kudhani umevuka mpaka bila pasipoti. Tukapokewa, tukavutiwa viti, tukakaa. Mezani kitambaa cheupe kimepigwa pasi, uma tatu kushoto, visu viwili kulia, na glasi za kutosha familia nzima. Mama watoto akaninong'oneza, "Baba watoto, sasa hapa tunaanzia wapi?"

Nikamjibu bila kusita, "Anzia za nje, njoo ndani."

Akanitazama kwa mshangao. Na mimi nilijishangaa, kwa kuwa sikuwahi kula mahali kama pale maisha yangu yote. Ndipo nikamkumbuka babu.

Babu mzaa baba alikuwa mpishi wa Wazungu Oyster Bay katika miaka ya 1950. Alikaa Temeke, akienda kazini kwa baiskeli kabla ya alfajiri. Sisi wajukuu tulimkuta mzee, miaka ya 1980, wakati sukari ilikuwa ya kupanga foleni. Jioni alikuwa akitukalisha jamvini, anachukua vijiti vya chelewa na kuvipanga mbele yetu: hiki uma, hiki kisu, hiki kijiko cha supu. "Uma mkono wa kushoto, mjukuu wangu." Tulicheka mpaka machozi, maana chunguni mlikuwa na ugali na dagaa. Yeye hakucheka.

Wengi wetu tunadhani meza ya Kifaransa imeletwa Dar es Salaam juzi juzi na mahoteli ya kitalii. La hasha. Nenda Bagamoyo, mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka hapa, uingie misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa waliofungua kituo chao pale mwaka 1868. Mwanzoni mwa 1871 walimpokea mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone. Mapadri wakamwandalia chakula. Katika kitabu chake cha 1872, Stanley anasema wingi wa vyakula ulilingana na ule wa hoteli ya daraja la kwanza mjini Paris, na upishi ulikaribia ule wa huko huko. Anataja shampeni ya Clicquot na mvinyo wa Bordeaux na wa Burgundy, tena kwa dhihaka kidogo, kwamba macho ya wale watumishi wa Mungu yaling'aa zaidi baada ya glasi kadhaa.

Baada ya kula akatumbuizwa kwa matarumbeta. Waliopuliza walikuwa watoto wa misheni, wakipiga nyimbo za Kifaransa. Watoto hao ni akina nani? Wengi katika misheni ile walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani, kwani soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi; lilifungwa 1873. Stanley alikumbuka kutaja chapa ya shampeni. Aliyemenya vitunguu hakumtaja.

Wala mapadri hao hawakuwa Wafaransa wa kwanza kufanya shughuli katika pwani yetu. Karibu miaka 100 kabla yao, mwaka 1776, nahodha mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lao lilikuwa mashamba ya visiwa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unapoletewa kahawa na sukari mwisho wa chakula cha Kifaransa, ujue kwamba watu wa Kilwa na bara yake waliwahi kuhudhuria karamu hiyo zamani sana, ila kwa upande wa shamba. Hata mkarafuu, ambao tunauona kuwa mwenyeji wa Unguja na Pemba tangu Adamu, ulipitia katika visiwa hivyo hivyo vya Wafaransa ndipo ukafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Leo mpishi wa Kifaransa anachomeka karafuu kwenye kitunguu na kukitumbukiza katika mchuzi wake wa nyama.

Neno nalo limebaki kinywani mwetu. Mvinyo tuliupata kwa Wareno. Divai ni Kifaransa, "du vin", na limezoeleka zaidi kanisani. Mhudumu alipokuja na orodha ya divai, mama watoto aliuliza kwa sauti ndogo kama ni ile ile ya altare. Yule kijana akajizuia kucheka, akashindwa, tukacheka wote watatu. Kuanzia hapo meza ikawa ya kwetu.

Turudi kwa babu. Mabwana zake hawakuwa Wafaransa, walikuwa Waingereza, lakini Mwingereza wa koloni akitaka kuwapa wageni heshima aliandika orodha ya vyakula kwa Kifaransa, hata kama chakula chenyewe ni kondoo wa kuchemsha. Basi babu, ambaye Kiingereza chake chenyewe kilikuwa cha jikoni, alijua maneno kadhaa ya Kifaransa na hakujua kwamba ni Kifaransa. Krismasi alikuwa akipika pudini, anaimwagia brandi na kuiwasha moto, inaingizwa chumbani ikiwaka bluu na wageni wanapiga makofi. Chupa ilikaa kabatini kwa kufuli, na memsaab ndiye aliyepima kwa kijiko. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni sheria ilimkataza Mwafrika kuuziwa pombe kali za Kizungu. Kuiwasha moto aliruhusiwa.

Mji wenyewe ulipangwa hivyo hivyo. Oyster Bay ya Wazungu, Uhindini katikati, halafu Kariakoo na Ilala. Na watu walipozidi baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ikapima viwanja na kujenga nyumba Temeke, Magomeni na Kinondoni kwa ajili ya Waafrika. Wapishi, madobi na wahudumu walitoka huko asubuhi na kurudi huko usiku. Baiskeli ya babu ilikuwa inakatiza mipaka hiyo mara mbili kila siku.

Chakula kikaja, kimoja baada ya kingine. Desturi hiyo si ya kale sana hata kwa Wafaransa. Zamani walijaza meza vyakula vyote kwa mpigo, kama sisi tunavyotandika vyakula vya shughuli, na mtindo wa kuleta sahani kwa zamu uliwashika katika karne ya 19, tena unaitwa wa Kirusi. Mama watoto alikula samaki. Mimi niliagiza jogoo aliyepikwa kwa divai nyekundu. Nilipoiona bei nikamhurumia binti yangu: fedha ile ingeninunulia majogoo watatu hai soko la Tandika. Na ukiuliza asili yake, ni chakula cha wakulima. Jogoo mzee, mgumu, asiyeliwa kwa kukaangwa, wakamchemsha taratibu mpaka akasalimu amri. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo kwa tui la nazi, na hakumtoza mtu.

Lakini sitakuwa mwongo, alikuwa mtamu. Nikaomba nimshukuru mpishi. Nilitarajia Mfaransa mwenye masharubu. Akatoka kijana wa miaka 30 na kitu, mkazi wa Mbagala.

"Shikamoo mzee," akasema huku akifuta mikono.

"Marahaba, baba. Umetulisha vizuri."

Nikamweleza habari za babu. Akaniuliza alifanya kazi nyumba gani, kana kwamba angeweza kuijua. Kisha nikamuuliza yeye mwenyewe siku ile amekula nini. Akatazama nyuma, kuelekea mlango wa jikoni, akasema nje ya geti kuna mama ntilie, wali wake na maharage haujawahi kumwangusha.

Mama watoto akataka kujua kama yule mama bado yupo saa hizi.