Namba ya Motokaa na Makao ya Mwenyewe

Wasikilizaji wetu, maongezi ya leo ni juu ya jambo linalowasumbua wengi wahamao nchi pamoja na mali zao. Mtu hununua motokaa, akaiandikisha, akalipa kodi yake. Kisha riziki humwita nchi nyingine. Huipakia melini, au kama njia ni ya nchi kavu, huiendesha mwenyewe mpaka mpakani. Hufika, hupanga nyumba, watoto wakaanza shule, na motokaa ingali na namba ya kule alikotoka. Je, namba ile yafaa kwa muda gani? Wako wasemao ya kuwa yafaa daima, maana mali ni yake na ushuru alikwisha kuulipa kwao. Wako wengine wasemao mwaka mmoja. Rai zote mbili zina asili yake katika historia, wala hakuna hata moja iliyo sawasawa. Ndiyo sababu twapenda kuifuata habari hii tangu mwanzo wake.

Motokaa zilipoanza hazikuwa na namba yo yote, kama vile punda wa mtu asivyokuwa na namba. Tarehe 14 Agosti 1893 mkuu wa polisi wa Paris alitoa amri ya kwamba kila gari la mtambo lichukue kibao chenye jina la mwenyewe na mahali akaapo. Tulishike neno hilo: jina na makao. Huko Marekani, sheria ya New York ya mwaka 1901 iliwataka wenye motokaa waziandike nyuma ya gari herufi za kwanza za majina yao, jambo lisiloweza kudumu, kwa kuwa watu wenye herufi za namna moja ni wengi kama mchanga. Uingereza ikafanya vizuri zaidi. Sheria yake ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, iliyapa mabaraza ya wilaya kazi ya kuandika motokaa zote katika madaftari, kwa ada ya shilingi 20 kila moja, na kila baraza likawa na herufi zake. London ilipewa herufi A. Askari aliyeziona herufi alijua mara ni daftari la wapi lifunguliwe, na ndani ya daftari ndimo mlimokuwa na jina na makao ya mtu. Basi namba haikuwa jina la gari, ingawa wengi hudhani hivyo hata leo. Namba ilikuwa njia fupi ya kuandika anwani ya mwenyewe.

Wapenda motokaa wa siku zile walikuwa watu wa kutembea, na mipaka ya Ulaya i karibu karibu. Afisa wa forodha alipoona gari latoka nchi nyingine hakuwa na njia ya kujua kama ni la msafiri au ni bidhaa inayopelekwa sokoni. Msafiri hutakiwa kuweka amana ya ushuru wote, arudishiwe atokapo. Vyama vya wenye motokaa vikaingia kati kuwadhamini wanachama wao kwa hati maalum, ili wasisafiri na mifuko ya fedha. Lakini kwa polisi shida ilibaki: namba ya Kifaransa haikuwa na maana kwa askari wa Roma, kwa kuwa daftari lake halikuwa Roma.

Ndipo wajumbe wa dola walipokutana Paris na kutia sahihi mkataba wa tarehe 11 Oktoba 1909. Mengi katika mkataba ule yaonekana madogo, walakini twayaishi hata sasa. Ulikubali alama nne za hatari za kuwekwa kando ya barabara: mtaro unaokatiza njia, kona, njia ya reli na njia panda. Uliamuru kwamba motokaa iendayo nchi nyingine ichukue nyuma, mbali na namba yake, kibao cha mviringo wa yai, upana sentimeta 30 na kimo sentimeta 18, cheupe, chenye herufi nyeusi moja au mbili za kuonyesha nchi: F kwa Ufaransa, D kwa Ujerumani, GB kwa Uingereza, CH kwa Uswisi. Na juu ya hayo uliweka cheti cha safari, kitolewacho na nchi ya msafiri, chenye nguvu ya mwaka mmoja. Hapa ndipo ulipozaliwa ule mwaka mmoja usemwao na watu mpaka leo.

Twaomba jambo hili liangaliwe vema. Mkataba wa 1909 haukusema ya kwamba mtu aweza kuhamia nchi nyingine akakaa mwaka mzima na namba ya kwao. Ulisema habari za msafiri, mtu mwenye nyumba kwingine na atakayerejea huko. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dola zilikuwa karimu kuliko wazee, maana zilimpa mgeni miezi kumi na miwili kabla ya jembe. Lakini zilimpa mgeni. Aliyekuja kukaa hakupewa hata siku moja na mkataba ule.

Marekani haikungoja wageni kutoka ng'ambo ili ipate mashaka haya, kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake na daftari lake. Twataja kesi mbili, maana zafundisha kuliko maelezo mengi. Tarehe 27 Julai 1910 Bwana Hendrick, mkazi wa jiji la Washington, aliendesha motokaa yake kuingia Maryland, jimbo linalopakana na jiji hilo. Alikamatwa Hyattsville kwa kukosa namba ya Maryland, akatozwa faini ya dola 15. Sheria ya jimbo iliwaruhusu baadhi ya wageni kupita bila kuandikisha, mara mbili kwa mwaka, siku saba kila mara. Yeye akalalamika ya kuwa wakazi wa Washington wamebaguliwa. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1915 ikamwambia kwamba jimbo linalojenga barabara na kulinda usalama wake laweza kudai andikisho na ada ya haki kutoka kwa kila atumiaye barabara hizo.

Kesi ya pili ni ya Bwana Kane, mkazi wa New York, aliyekamatwa mwaka 1908 akiwa anapita tu katika New Jersey kwenda Pennsylvania. Alikuwa ametimiza kila sheria ya kwao. Kosa lake lilikuwa hakuandikisha gari New Jersey, wala hakumteua afisa wa jimbo hilo awe wakili wake wa kupokea hati za mashtaka. Uamuzi wa mwaka 1916, ulioandikwa na Jaji Brandeis, ulimshinda. Watu wengi huisoma kesi hii kama hadithi ya jimbo lenye uchoyo. Sisi hatuoni hivyo. Mwenda kwa miguu aliyevunjwa mguu na motokaa ya mgeni atamdai nani, ikiwa mgeni amekwisha kuvuka mpaka jioni ile ile? Namba isiyo na mtu wa kuitikia karibu ni sawa na hakuna namba. Katika miaka iliyofuata majimbo yalipatana kupokea namba za wenzao kwa wasafiri. Lakini kwa ahamaye kutoka jimbo hata jimbo, muda wa kubadili namba ni wa siku chache au wiki chache mpaka leo.

Mikataba mingine ya dunia yote yalifuata baadaye, nasi tutaipita upesi. Ule wa Paris wa tarehe 24 Aprili 1926 ulitenga cheti cha gari na leseni ya dereva, na kuruhusu herufi tatu kibaoni. Herufi tatu ndizo zilizotufikia huku kwetu: mwaka 1938 Kenya ilipata EAK, Tanganyika EAT, na Uganda EAU, Unguja nayo ikaja kuwa EAZ. Zile mbili za mwanzo ni Afrika ya Mashariki kwa Kiingereza, na ya tatu ni nchi yenyewe. Mkataba wa Geneva wa tarehe 19 Septemba 1949 ulitamka wazi ya kuwa hakuna dola inayolazimishwa kuitendea kigeni motokaa, wala dereva, aliyekaa katika nchi yake mfululizo zaidi ya mwaka mmoja. Mkataba wa forodha uliotiwa sahihi New York tarehe 4 Juni 1954 ulimsamehe msafiri ushuru wa gari kwa sharti la kulirudisha nje. Na ule wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968 ulimaliza shaka, kwa kusema kwamba gari la safari za kimataifa ni la mtu ambaye makao yake ya kawaida yako nje ya nchi ile, nalo limeingizwa kwa muda tu. Siku mtu ahamishapo makao, gari lake laacha kuwa la mgeni, hata kama jana tu lilivuka mpaka.

Basi swali lote lageuka kuwa hili: makao ya mtu yako wapi? Si swali jepesi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilijaribu kulijibu kwa hesabu katika sheria ya tarehe 28 Machi 1983, zikasema makao ya kawaida ni pale mtu akaapo walau siku 185 katika mwaka kwa sababu ya mambo yake ya nafsi na ya kazi. Lakini moyo wa binadamu hauhesabiki hivyo. Bwana Ryborg, raia wa Denmark, alikuwa na nyumba na kazi yake Ujerumani, na motokaa yenye namba ya Kijerumani. Akampenda mwanamke aliyekaa ng'ambo ya mpaka, Denmark, akawa akilala kwake usiku mwingi na siku za mwisho wa juma, kwa muda uliozidi mwaka. Polisi wa Denmark waliikamata motokaa wakisema huyu amekwisha kuhamia kwao. Nasi tujue kwamba kodi ya kuandikisha gari katika Denmark ilikuwa yaweza kupita bei ya gari lenyewe, kwa hiyo haukuwa mchezo. Shauri lilifika Luxembourg, na tarehe 23 Aprili 1991 mahakama ya Jumuiya iliamua ya kuwa kulala kwa mpenzi usiku na siku za mapumziko hakutoshi peke yake kuthibitisha kwamba mtu amehamisha makao. Majaji wapaswa kutazama maisha yake yote. Twakiri kwamba hukumu hii yatupendeza, kwa kuwa sheria ya vibao vya chuma ililazimika kuuliza nyumbani kwa mtu ni wapi.

Kuna sababu nyingine za serikali kutaka namba ibadilishwe, zisizo na uhusiano na hazina. Taa za motokaa iliyoundwa kwenda upande wa kushoto wa barabara huinama kushoto. Ipelekwe nchi ziendazo kulia, nazo zitawapiga machoni wanaokuja mbele. Bima iliyotolewa kwa mkazi wa nchi moja yaweza kukataliwa ijulikanapo kuwa amehama. Ukaguzi wakati wa kuandikisha ndio unaoyafichua mambo haya kabla ya ajali kuyafichua.

Kwa wenzetu warudio Afrika ya Mashariki baada ya kazi Ulaya, Uarabuni au Marekani, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yafuata desturi ile ile. Ahamishaye makao yake aweza kusamehewa ushuru wa motokaa moja, ikiwa ameimiliki na kuitumia mwenyewe nje ya nchi za Jumuiya kwa miezi isiyopungua kumi na miwili, bila kuhesabu siku za baharini. Anunuaye gari mwezi mmoja kabla ya kupanda meli hapati kitu. Tena msamaha wa ushuru hauondoi sheria nyingine: Kenya haipokei gari lililopita miaka minane, na usukani wa kushoto haukubaliwi ila kwa magari ya kazi maalum, kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Wako waliopakia motokaa walizozipenda wakaja kuyajua hayo bandarini Mombasa, gharama za ghala zikipanda kila siku.

Kwa hiyo ahamaye na azichukue karatasi za kale zote: cheti cha andikisho, stakabadhi ya ununuzi na ushahidi wa bima, maana kwa hizo ndipo huthibitisha miezi yake kumi na miwili. Wala asishangae karani akikizuia kile cheti cha kale. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1999 iliwaagiza makarani wa nchi mpya wakichukue, wakiweke kwa muda usiopungua miezi sita, na kuijulisha nchi ya kwanza ndani ya miezi miwili, ili daftari la huko lifutwe jina na anwani ambayo mwenyewe hakai tena.