Kengele na Chuo cha Frere Town

Katika Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pana mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na Church Missionary Society baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Kwa mujibu wa mapokeo, kengele hiyo ililia kuwaonya wakazi wanyang'anyi wa watu walipokaribia. Mnara wake ungaliko.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Frere Town palikuwa pia na chuo. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, watumwa wa zamani walioelimishwa India. Mwaka 1903 ikafunguliwa shule ya kuwafunza makasisi. Mwaka 1930 ilihamishiwa Limuru, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha St Paul's. Kisauni ikabakiwa na kengele.

Si ajabu kwamba jina la mahali lilishikamana na kengele. Kengele ilisikiwa na wote. Chuo kiliwahusu wachache. Lakini hapo ndipo penye hatari: kiambishi -ni kimehifadhi hofu ya watu wale, hakikuhifadhi elimu yao. Anayesoma historia katika mnara peke yake atawaona Wamisheni kuwa watu waliookolewa tu, asiwatambue kuwa wasomi na viongozi. Hapana budi, basi, jina la mahali lipimwe pamoja na yale lililoyanyamazia.