Kicheko Penye Matanga

Penye matanga, mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo mtu mwengine. Waliofiwa wameinamisha vichwa, naye huingia akimwiga marehemu: mwendo wake, kikohozi chake, namna alivyokuwa akidai deni lake. Watu hucheka na huku machozi hayajawakauka. Hakuna anayemwona mtani kuwa adui, kwani kila anayecheka anajua kwamba kuiga kwa namna ile hakuwezekani ila kwa mtu aliyemjua marehemu kwa karibu.

Sanaa nazo zina watani wao. Melodrama ya televisheni ya Marekani, iliyowaliza mamilioni ya watu usiku baada ya usiku katika miaka ya 1970 na 1980, ilipata wa kwake tangu ingali hai, na ikapata wengine baada ya kuzikwa. Ukifuatwa mzaha wao tangu mwanzo hadi mwisho, huonekana ndani yake jambo kubwa kuliko mzaha: namna hadhira moja kubwa ilivyotawanyika.

Asili ya melodrama ni ya zamani kuliko televisheni. Neno lenyewe limetokana na Kigiriki, na nusu yake ya kwanza maana yake ni wimbo. Sanaa hiyo ilipokomaa mjini Paris, mikononi mwa Guilbert de Pixérécourt, ambaye tamthilia yake Coelina ilionyeshwa mwaka 1800, muziki ndio uliokuwa ukimwambia mtazamaji lini aogope na lini alie. Mwaka 1802 Thomas Holcroft aliifikisha tamthilia hiyo katika jukwaa la London kwa jina la A Tale of Mystery. Tangu hapo zana zake hazikubadilika sana: yatima asiyeijua nasaba yake, mwovu mwenye hila, pendo lililoharamishwa, na siri ya damu inayofichuka saa ya mwisho.

Watani wake nao hawakuchelewa. Mwaka 1887, katika ukumbi wa Savoy huko London, W. S. Gilbert na Arthur Sullivan walionyesha Ruddigore, ambamo mrithi wa ukoo amelaaniwa kutenda uovu mmoja kila siku, na mababu zake wakatoka ndani ya picha zao ukutani kumkaripia kwa uvivu wa kutotenda dhambi ipasavyo. Hadhira ilicheka kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwaona waovu wa namna hiyo mara nyingi mno.

Televisheni iliipa melodrama kitu ambacho jukwaa halikuwa nacho: wakati. Hadithi iliweza kutambaa kwa usiku kadhaa, ikafuata ukoo mmoja tangu ujana wa babu hadi uzee wa mjukuu. Kituo cha ABC kilionyesha QB VII mwaka 1974, kikafuatisha Rich Man, Poor Man mwaka 1976, kisa cha ndugu wawili kilichotokana na riwaya ya Irwin Shaw. Kisha ikaja Roots, kwa usiku nane mfululizo, tangu tarehe 23 hadi 30 Januari 1977. Watazamaji wa sehemu yake ya mwisho walikadiriwa kufikia milioni 100.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Roots, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976, ilitumia zana zilezile za melodrama: utengano, mjeledi, mtoto anayenyang'anywa mikononi mwa mama, jina linalokatazwa. Lakini mambo hayo, ambayo katika hadithi nyingine ni chumvi iliyozidi mchuzini, katika habari ya utumwa yalikuwa kweli yenyewe. Anayedhani kwamba melodrama ni uongo mtupu hana budi kuikumbuka Januari ile. Kuna misiba ambayo sauti ya chini haiwezi kuibeba, na watani wenye busara waliijua mipaka hiyo. Mzaha wao uliielekea melodrama ya matajiri na mapenzi yao, ukayaacha makaburi ya kweli yapumzike.

Mwenye busara kuliko wengi alikuwa Carol Burnett. Novemba 1976 filamu ya kale, Gone with the Wind, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika televisheni ya taifa zima kwa usiku mbili, tarehe 7 na 8. Siku chache tu baadaye, tarehe 13, Burnett aliifanyia mzaha katika kipindi chake cha kila wiki. Katika filamu, mwanamke aliyefilisiwa na vita hushona gauni kutokana na mapazia ya nyumba yake ili asionekane fukara. Burnett aliteremka ngazi akiwa amevaa mapazia hayo pamoja na fimbo yake, imekaa mabegani kama nira ya ng'ombe, na uso wake umejaa fahari. Gauni hilo lililobuniwa na Bob Mackie limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, kama vinavyohifadhiwa vitu vya watawala.

Nguvu ya kichekesho hicho ilikuwa katika umbali wake na asili: siku tano. Hakuhitajika mtu wa kueleza pazia lilitoka wapi. Taifa zima lilikuwa limekaa mbele ya kioo kimoja, likasikitika pamoja, na kabla ya wiki kwisha likacheka pamoja.

Mwaka uliofuata ABC ilianzisha Soap, iliyoandikwa na Susan Harris, ambayo ilikusanya uzinzi, mauaji na kusahau nafsi vya hadithi za mchana, zile zilizopata jina lao kwa kudhaminiwa na watengenezaji wa sabuni. Maelfu ya barua za kuilalamikia zilifika kabla hata haijaonyeshwa, nayo ikadumu hadi 1981. Kisha, Novemba 1986, Burnett alirejea na kazi iliyolifuata umbo lote la melodrama ya usiku. Fresno, ya kituo cha CBS, ilikuwa na sehemu tano zilizoonyeshwa ndani ya wiki moja. Kituo hichohicho kilikuwa na Dallas, ya koo za mafuta, na Falcon Crest, ya koo za mvinyo. Fresno ikachukua koo mbili zinazouana kwa ajili ya zabibu kavu.

Uteuzi wa zabibu kavu ndio uliokuwa mzaha wenyewe. Mji wa Fresno, katika jimbo la California, kweli ni mji wa zabibu hizo, wala hakuna aibu katika biashara hiyo. Lakini chiriku wa fahari aliyezoea kuimba juu ya visima vya mafuta alipoimba kwa sauti ileile juu ya tunda lililonyauka, watu waliisikia sauti yenyewe kwa mara ya kwanza. Gregory Harrison, kijana wa kazi mwenye siri ya nasaba, alipita karibu sehemu zote kifua wazi. Waigizaji hawakukonyeza jicho. Waliumia, wakasaliti, wakaapa, kana kwamba ulimwengu mzima unategemea mavuno.

Hadi hapo mtani alikuwa akimtania aliye hai. Lakini jua lilikuwa limekwisha kuinama. Mwaka 1983 ABC ilikuwa imeonyesha The Winds of War kwa usiku saba, na mwezi uliofuata The Thorn Birds, kisa cha kasisi na binti aliyempenda huko Australia. Mwaka 1988 na 1989 ikaonyesha War and Remembrance, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 100 na kuleta hasara. Televisheni za waya zilikuwa zimeongezeka, mashine za kurekodi zimeingia majumbani, na kidole kimoja juu ya rimoti kiliweza kumwacha kasisi na huzuni yake. Hadithi ndefu hazikufa. Kilichokufa ni ule usiku mmoja wa watu wote.

Ndipo, tarehe 9 Januari 2014, kituo kidogo cha waya kiitwacho IFC kikaanza kuonyesha The Spoils of Babylon, kazi ya Matt Piedmont na Andrew Steele, yenye sehemu sita. Tajiri wa mafuta wa Texas, aliyeigizwa na Tim Robbins, anamwokota mtoto njiani na kumlea pamoja na binti yake. Watoto hao, Tobey Maguire na Kristen Wiig, wanakua na kupendana pendo lisiloruhusiwa. Majumba na magari ni vifaa vidogo vya kuchezea, na kamera haijisumbui kuvificha. Maguire anakwenda vitani na kurudi na mke wa Kiingereza, naye ni sanamu la kuonyeshea nguo dukani, sauti yake ikitolewa na Carey Mulligan. Hakuna hata mmoja katika hadithi anayeona ajabu. Wiig anamwonea wivu yule sanamu kwa uchungu wa kweli, na kwa uchungu huo aliteuliwa mwaka 2014 kuwania tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia fupi za mfululizo, bega kwa bega na walioigiza bila mzaha.

Lakini mhusika mwenye uzito kuliko wote hayumo katika hadithi. Kila sehemu hufunguliwa na Eric Jonrosh, aliyeigizwa na Will Ferrell: mzee mnene mwenye ndevu, glasi ya mvinyo mkononi, anayejisifu kwamba kazi hii aliitunga na kuiongoza mwenyewe miaka mingi iliyopita, kutokana na riwaya yake. Wengi walimwona ndani yake Orson Welles wa miaka ya mwisho, mkubwa wa filamu aliyeishia kutangaza mvinyo katika televisheni.

Jonrosh hakuwahi kuwapo, wala riwaya yake, wala tamthilia yake ya zamani. Hapo ndipo tofauti na mwaka 1976 inapodhihirika. Burnett alikuta pazia limekwisha kutundikwa katika kumbukumbu ya kila mtu, akalishusha. Ferrell na wenzake hawakulikuta. Ilibidi kwanza wamzue mtunzi, wazue utunzi, wazue na miaka uliyokaa gizani, ndipo waweze kuucheka. Mtani amefika penye matanga akakuta nyumba haina mtu anayemkumbuka maiti, akalazimika kusimulia maisha yake kabla ya kumwiga. Ndiyo maana Jonrosh, pamoja na ulevi na majivuno yake, huacha baridi moyoni: ni msanii anayewaeleza wageni ukubwa wa kitu ambacho hawakukiona. Mwaka 2015 alirudi tena, katika The Spoils Before Dying, akiwa na jambo jengine la zamani la kueleza.

Wapenzi wa ushairi wana sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Atakaye kuuchezea utenzi hana budi kuzijua mizani zake nane, na anayesikiliza hana budi kuzijua pia. La sivyo, kituo kikivunjwa kwa makusudi, hatasikia kilichovunjika. Mzaha ni mtihani wa kumbukumbu. Maadamu watu wanacheka bila kuelezwa, umbo linaloigwa lingali lao. Siku kicheko kitakapohitaji dibaji, kama kilivyoihitaji kwa Jonrosh, itakuwa ni dalili kwamba waliofiwa wamekwisha kutawanyika, na mtani amebaki peke yake mkekani, akiuiga mwendo wa mtu ambaye hakuna mwengine aliyemwona akitembea.